Mwalimu Aliyetukataza Kusaidia

Mwalimu wetu wa tiba ya kazi hakuwahi kutaka kusomea tiba ya kazi. Alituambia hivyo mwenyewe siku ya kwanza ya masomo, kabla hata hajafuta ubao, na nadhani alituambia ili atupunguzie aibu, maana darasa zima, watu kumi na mmoja, tulikuwa tumefika pale kwa njia hiyo hiyo. Yeye aliomba uuguzi. Karani wa udahili akamwambia uuguzi umejaa, ila kuna kozi nyingine nzuri sana yenye nafasi tisa, na walioiomba hawafiki wanne. Alipouliza kozi yenyewe inahusu nini, karani alisoma kichwa cha karatasi, akafikiri, akasema, "Itakuwa mambo ya kuwatafutia wagonjwa kazi."

Karani hakuwa peke yake. Miaka yote ambayo Mwalimu alifanya kazi hospitalini, watu walibisha hodi kwenye mlango wenye kibao cha "Tiba ya Kazi" wakiwa na bahasha za vyeti mkononi. Mwalimu aliwakaribisha, akawapa kiti, akawaeleza kwa utulivu kwamba hapa hapatolewi ajira. Hapa mtu aliyepatwa na kiharusi, au aliyeumia kichwa ajalini, anafundishwa upya kazi za kila siku za mwili wake: kuvaa, kula, kuoga, kuandika, mpaka kuirudia ile shughuli iliyokuwa ikimpa heshima mtaani. Mmoja wao, mwenye digrii mbili, alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru sana, kisha akaiacha bahasha yake mezani, "iwapo itatokea nafasi."

Dada mkubwa wa Mwalimu, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi tu, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Mengi ninayosimulia hapa niliyapata kwake, kwa sababu Fundi hana siri, hasa zile za mdogo wake. Siku barua ya chuo ilipofika, Fundi aliisoma akiwa na pini mdomoni.

"Miaka mitatu chuoni," akasema, "ili ukamfundishe mtu mzima kufunga vifungo?"

"Na kuvifungua, dada."

"Basi mimi ninayevishona walitakiwa waniite profesa."

Mwalimu alienda shingo upande, akijipa muhula mmoja tu. Kilichombakiza ni kinyozi. Huyo alikuwa mgonjwa wake wa kwanza wodini, mtu wa makamo ambaye mkono wake wa kulia ulipooza, na daktari alikuwa ameshaandika kwenye faili kwamba mgonjwa asitegemee tena kushika wembe. Kinyozi hakutaka kushika kitu kingine. Basi Mwalimu, aliyekuwa bado mwanafunzi, alinunua maputo ya watoto, akayapaka povu la sabuni, akamwambia, "Nyoa." Puto la kwanza lilipasuka, la pili nalo, na wodi nzima ikawa inaruka kila baada ya dakika chache. Walipasua maputo thelathini na saba. La thelathini na nane lilinyolewa likabaki zima, jeupe, halina hata tone la povu, na kinyozi akaliomba akae nalo kitandani. Miezi miwili baadaye mteja wa kwanza aliyekaa mbele ya wembe huo alikuwa yule yule daktari. Wanasema pale wodini hakuna aliyetoka jasho siku hiyo isipokuwa yeye.

Baada ya hapo hakuzungumza tena habari za uuguzi. Alifanya kazi na wagonjwa wa mishipa ya fahamu na ubongo kwa miaka kumi na miwili, kisha chuo kikamwita afundishe. Kilimpa chumba chenye kitanda, meza ya kulia, jiko, sinki na kabati, vyote vya kufundishia wagonjwa maisha ya nyumbani. Kilikuwa chumba kizuri. Kilikuwa pia ghorofa ya pili, katika jengo lisilo na lifti. Mgonjwa aliyeweza kupanda ngazi zile hakukihitaji chumba, na aliyekihitaji hakuweza kupanda. Mwalimu aliandika barua kuomba chumba cha chini, na kila mwaka Mkuu wa Chuo alimjibu kwa heshima kwamba chumba cha chini kinatumiwa na kamati ya kuboresha huduma kwa walemavu.

Sisi wanafunzi tulimwita Mikono Nyuma. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua, kwa kulirudia. Mgonjwa akihangaika na soksi, mwanafunzi akipeleka tu kidole, sauti ilitoka kona ya chumba: "Mikono nyuma!" Ukiona kijiko kinatetemeka kikielekea sikioni badala ya mdomoni: "Mikono nyuma!" Alikuwa na somo zima juu ya ubaya wa kusaidia. Alisema upendo wa ndugu umelemaza watu wengi, na kwamba mkono wenye huruma unaiba zoezi. Tuliandika yote hayo. Wageni waliokuja kukitembelea chuo walitukuta tumesimama kumzunguka mzee anayepigana na shati, watu kumi na mmoja mikono mgongoni kama askari, wakaondoka wakiamini kwamba ni chuo cha roho mbaya.

Kitu kingine kilichompatia sifa ni Fomu. Aliitunga miaka kumi na mitano kabla sisi hatujafika, kwa ajili ya mtihani wa vitendo, kwa sababu zamani kila mtahini alitoa alama kwa kadiri alivyoamka siku hiyo. Fomu ilikuwa na mistari ishirini, kila mstari hadi alama tano, na kila mstari ulianza na kitendo: Amemwelekeza mgonjwa. Amemshika panapofaa. Amemrekebisha. Amemsifu. Amemkumbusha upande uliopooza. Aliyepata hamsini alifaulu. Mkuu wa Chuo aliiweka kwenye fremu nje ya ofisi yake.

Darasani kwetu kulikuwa na binti tuliyemwita Konokono. Hakuwa mjinga, alikuwa hana haraka. Ukimuuliza saa, anaangalia saa, anakuangalia wewe, ndipo anajibu. Katika mtihani wa mwaka wa pili alipewa dereva mstaafu avae koti. Konokono alimpa koti, akaweka mikono nyuma, akasubiri. Dereva naye akasubiri. Muda ukaisha koti likiwa mapajani. Mwalimu alijaza Fomu, mstari kwa mstari, "hakufanya, hakufanya, hakufanya," ikatoka thelathini na nane.

"Binti," akamwambia mbele yetu, "mgonjwa si basi. Huwezi kumsubiri tu kituoni."

Tulicheka sana. Konokono alifikiri, akasema, "Ndiyo, Mwalimu," lakini baada ya muda mrefu kidogo, kiasi kwamba Mwalimu alikuwa ameshatoka. Ilimbidi arudie mazoezi ya wodini na kufanya mtihani upya.

Miezi hiyo hiyo ndipo Fundi alipoanguka. Alikuwa dukani kwake asubuhi, anakata kitambaa, mteja amesimama mbele yake anamweleza anataka kola ya namna gani. Mteja aliona mkono wa kushoto umekiachia kitambaa, mdomo umeenda upande, huku mkono wa kulia ukiendelea kukata kama kawaida. Walimfikisha hospitalini na mkasi mkononi. Hakukubali kumpa mtu, maana mkasi wa fundi hauazimwi.

Kiharusi kilikuwa kimepiga upande wa kulia wa ubongo. Mkono na mguu wa kushoto vililegea. Lakini kulikuwa na jingine kubwa zaidi: kushoto kwenyewe kulifutika. Macho yalikuwa mazima. Ni ubongo uliokuwa umeacha kuuliza habari za upande ule. Mwalimu alikuwa amelifundisha jambo hilo kwa miaka ishirini, na picha zake alizichora ubaoni akiwa amefumba macho. Sasa lilikuwa limelala kitandani, limefunikwa shuka, linamlalamikia.

"Hospitali yenu inabana chakula," alisema Fundi siku ya kumi na mbili. "Kila siku nusu sahani."

Mwalimu aliangalia sahani. Upande wa kulia ulikuwa umesafishwa kabisa. Upande wa kushoto wali haujaguswa. Akaigeuza sahani.

"Haya, dada. Nusu nyingine hii hapa."

"Unaona? Mpaka mtu apige kelele ndiyo mnaleta."

Mara nyingine aliushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaunyanyua kwa mashaka kama mtu aliyeokota kitu sokoni.

"Huu mkono ni wa nani?"

"Wako, dada."

"Acha utani. Wangu mimi ni mchapakazi. Huu unalala tu. Utakuwa wako."

Watu wengine wangecheka, na wodi ilicheka. Mwalimu hakucheka, wala hakufanya hata moja kati ya yale aliyotufundisha. Kila siku saa saba, sisi tukidhani ameenda kula, alishuka wodini, akavuta pazia la kitanda cha dada yake, akamlisha kijiko kwa kijiko, akamchana nywele pande zote mbili, akamvua, akamvalisha, akamfunga vifungo kuanzia shingoni mpaka chini. Ilimchukua dakika ishirini na moja. Mtu mwenye ujuzi wake akiamua kukuharibia tiba, anaiharibu kitaalamu.

Sasa, orodha ya wodi haijui nani ndugu ya nani. Orodha ilimpa Konokono kitanda namba sita, na kitanda namba sita kilikuwa cha Fundi. Siku tatu mfululizo Konokono alifika saa nane kufanya zoezi la kuvaa, akamkuta mgonjwa wake ameshavaa, amechanwa nywele vizuri, ameshiba. Aliandika kwenye daftari: "Mgonjwa amevaa mwenyewe?" na alama ile ya kuuliza akaikoleza. Siku ya nne alifika saa saba na robo, akasimama nje ya pazia, akafikiri kama kawaida yake, kisha akalifungua.

Mwalimu alikuwa kwenye kifungo cha tatu.

"Mwalimu," akasema Konokono.

"Nini?"

"Mikono nyuma."

Mimi nilikuwa kitanda cha pili kutoka pale, na naapa nilijificha nyuma ya faili. Mwalimu hakugeuka. "Huyu ni dada yangu," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini ukurasa wa nne wa notisi zako unasema ndugu wa mgonjwa ndio..."

"Najua nilichoandika ukurasa wa nne."

Fundi alikuwa amegeuza kichwa kulia, upande pekee uliokuwepo duniani, akimtafuta anayesema. "Kumbe kuna kitabu? Binti, hicho kitabu kinasemaje?"

Konokono alikijua kwa moyo. "Kinasema ndugu akikuvalisha kila siku kwa upendo, baada ya mwezi atakuwa amekufundisha jambo moja tu, nalo ni kuvalishwa."

Fundi akasema polepole, kwa sauti ile aliyomlelea mdogo wake, "Yaani umenifanya mdoli siku zote hizi, na ulikuwa unajua? Umeandika mpaka kitabu?"

Mwalimu aliacha kile kifungo nusu ndani nusu nje. Alitoka, akaenda kukaa kwenye benchi la korido, chini ya tangazo alilolibandika yeye mwenyewe miaka mingi nyuma: "Ndugu wa wagonjwa, tafadhali subirini hapa." Alikaa mpaka saa tisa. Muuguzi aliyepita alimuuliza kama anamsubiri mtu, akajibu kwamba hajui.

Kuanzia siku ile Fundi akawa wa Konokono. Haikuwa rahisi. Alizikataa koni za plastiki na vipande vya mbao vya kuhamisha kutoka kulia kwenda kushoto. Alisema hivyo ni vya watoto wa chekechea, na yeye ameshona suti za maharusi. Mwalimu, kwenye benchi lake, alisikia kila kitu na hakuruhusiwa kuingia. Konokono alikaa siku mbili akifikiri. Siku ya tatu alikuja na koti lake jeupe la kazi, pindo limefumuka chini pande zote.

"Nani alishona uchafu huu?" Fundi akauliza.

"Mimi, mama."

"Lete hapa. Na sindano. Watu wanaona nawe husikii haya."

Konokono alimtungia uzi, akamlazia mkono wa kushoto juu ya kitambaa ukikandamize, na ukingoni mwa meza, kushoto kabisa, akabandika utepe mwekundu. Fundi alishona nusu saa. Mishono ilikuwa midogo na imenyooka kama ya mashine. Alipofika katikati ya koti akakata uzi kwa meno, akasema, "Tayari."

Konokono hakubisha. Alilivaa koti, akafanya nalo kazi siku nzima, nusu ya pindo nadhifu na nusu inaburuzika, na kila alipopita mbele ya kitanda namba sita alihakikisha anapita taratibu, jambo ambalo kwake halikuhitaji juhudi. Wagonjwa walimwonea huruma. Asubuhi yake Fundi akamwita.

"Nani kaniharibia kazi yangu?"

"Ni wewe, mama. Hukumaliza."

"Mimi? Mimi sijawahi kumpa mteja nguo nusu." Alilivuta koti mezani kwa hasira. Akaweka kidole pale ilipoanzia mishono yake, akakitembeza juu ya pindo, shono kwa shono, mpaka ilipoishia. Hapo kidole kikasimama, kwa sababu kwake yeye dunia iliishia hapo. Konokono alikuwa amesimama mikono nyuma. Hakusema "kushoto". Kidole kilisubiri, kikarudi, kikaja tena, na safari ya tano au ya sita kikavuka, kikaendelea kulifuata pindo lililofumuka mpaka kikagusa utepe mwekundu. Fundi aliuangalia ule utepe kama mtu aliyefungua mlango wa chumba ambacho hakujua kama nyumba yake inacho.

"Oho," akasema. "Kumbe kuna kazi huku."

Ilikuwa imechukua dakika arobaini. Nilichungulia koridoni kupitia kioo cha mlango. Mwalimu alikuwa kwenye benchi ameona yote, na alikuwa ameikalia mikono yake miwili, kama mtoto aliyekatazwa kugusa vitu mezani.

Miezi mitatu baadaye ulifika mtihani wa vitendo. Kama kila mwaka, wagonjwa wa mtihani walipatikana kwa taabu kwa sababu ya zile ngazi. Fundi akajitolea. Wahudumu wanne walimbeba na kiti chake cha magurudumu mpaka ghorofa ya pili, wakihema, ili aingizwe kwenye chumba cha kujifunza kujitegemea. Alikuwa anafurahi sana, akiwaelekeza pa kukanyaga.

Mwalimu, kwa vile mgonjwa alikuwa dada yake, hakuruhusiwa kutahini. Aliketi nyuma ya chumba. Mtahini alitoka chuo kingine, bwana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, na Fomu mbele yake. Wanafunzi watatu tulipangiwa Fundi: kwanza mimi, kisha mwenzangu mmoja, mwisho Konokono. Zoezi ni kuvaa blauzi ya mikono mirefu.

Yangu niiseme kama ilivyokuwa. Nilipoinama kumpa blauzi, Fundi aliniambia kwa kunong'ona, "Niambie nitazame kushoto. Haya, sema, anaangalia." Nikasema. Akatazama kushoto kwa madaha. "Sasa nishike kiwiko." Nikashika. "Nisifie basi." Nikamsifia. Nilipata themanini na mbili. Mwenzangu, aliyekuwa na uso wa huruma zaidi, alipata themanini na tano.

Akaingia Konokono. "Mama, blauzi hii hapa," akasema. "Vaa tu." Akarudi hatua moja, akaweka mikono nyuma.

Nilidhani Fundi atamnong'oneza. Hakumnong'oneza. Nadhani aliona haya kumdanganyia mtu ambaye hajawahi kumdanganya. Mkono wa kulia uliingia vizuri. Upande wa kushoto blauzi ikaning'inia. Dakika moja ikapita, kisha mbili. Mtahini alikuwa ameshika kalamu juu ya Fomu na hana pa kuitua. Dakika ya nne vidole vya Fundi vilianza kutembea juu ya pindo la blauzi, kutoka kulia, taratibu, vikavuka vifungo, vikashuka, vikaangukia mkono wa kushoto uliokuwa umelala mapajani.

"Kumbe uko hapa," Fundi akauambia.

Akaunyanyua, akauingiza kwenye mkono wa blauzi, akavuta bega. Akafunga vifungo kwa mkono mmoja, kimoja akakikosea, akakiona, akakifungua, akakifunga tena. Zilikuwa zimepita dakika kumi na moja. Hapakuwa na utepe wowote.

Mtahini alijumlisha. "Thelathini na nne," akasema, kwa masikitiko ya kweli. "Mwanafunzi huyu hakufanya kitu."

"Ndicho alichofanya," Mwalimu akasema kutoka nyuma.

"Samahani?"

"Hujaona? Huyu mgonjwa amevuka mwenyewe. Wale wawili wa kwanza wamemvusha. Fomu hiyo ni mbovu."

"Hii?" Mtahini aliipapasa kama anayemtuliza paka. "Hapana, Mwalimu. Sisi kwetu tunaitumia mwaka wa tisa huu. Ni nzuri sana."

"Nimeiandika mimi."

Bwana yule alisimama, akampa mkono. "Ni wewe! Heshima kubwa kwangu."

Fundi aliona mambo yanampita. Mtahini naye akaona amuulize mgonjwa, kama Fomu inavyoagiza. "Mama, huyu binti amekusaidia?"

"Hakunigusa."

"Kwa hiyo hakukusaidia."

"Nimesema hakunigusa. Umenisikia nikisema hakunisaidia?"

Mtahini hakuwa mtu mbaya. Aliigeuza Fomu, akaandika nyuma ukurasa mzima juu ya alichokiona, kwa mwandiko mzuri. Lakini ofisi ya mitihani huingiza upande wa mbele tu, na upande wa mbele ulisema thelathini na nne. Konokono akafeli kwa mara ya pili, safari hii akiwa amefanya kile tulichofundishwa sote miaka mitatu, na ambacho hakuna mwingine aliyekifanya.

Wiki tano baadaye kamati ya mitihani ilikaa, na Mwalimu akasimama kuomba Fomu iondolewe. Alisema amekuwa akifundisha kitu kimoja na kupima kingine kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, na amewafelisha watu wazuri. Wajumbe walishtuka. Mmoja alisema fomu ile ni fahari ya chuo. Mwingine akasema kuisema vibaya ni kumvunjia heshima mwandishi wake.

"Mwandishi ni mimi," Mwalimu akasema.

"Ndiyo maana tunakutetea," mjumbe akajibu.

Baada ya saa tatu walifikia muafaka. Fomu haikuguswa, iliongezwa mstari wa ishirini na moja: "Amesubiri inapofaa, alama ishirini." Konokono akapata hamsini na nne. Hakuna aliyegundua kwamba mtihani sasa una jumla ya alama mia moja na ishirini, na kama yupo aliyegundua, alinyamaza akijua kikao kingine kingechukua saa tatu.

Mimi Mwalimu aliniita pembeni. "Themanini na mbili zako alikupa dada yangu," akasema. "Nilikuwa nyuma, si kiziwi." Nikakubali. Hakunipeleka popote, alinipa wiki tatu wodini, chini ya uangalizi wa Konokono. Zilikuwa wiki ndefu kuliko miaka yote mitatu, na leo, nikiwa kazini, ninachokitumia nilikipata humo.

Fundi aliruhusiwa baada ya miezi minne. Mkono wa kushoto haukurudi wote. Unashikilia kitambaa, basi. Anashona mapindo na vitundu vya vifungo, suti ameziacha. Mwalimu alihamia kwake, akastaafu miaka miwili baadaye, na katika chumba cha ghorofa ya pili sasa anafundisha Konokono, ambaye wanafunzi wake wanalalamika kwamba vipindi vyake haviishi.

Mara ya mwisho nilipowatembelea nilifika siku mbaya. Asubuhi ile Fundi alikuwa amevuka barabara peke yake mpaka kwa mwenye duka la dawa, akarudi na habari kwamba binti wa pale anaolewa na yeye amekubali kushona gauni zima. Mwalimu alimwambia haliwezi. Fundi akamuuliza yeye ni nani hata amkataze. Tangu hapo hawakuwa wakisemeshana. Mmoja alikuwa sebuleni anapima satini kwa mkono na kiwiko, mwingine chumbani anasoma gazeti lile lile tangu saa tatu. Kila mmoja aliniletea kikombe chake cha chai. Nikavinywa vyote viwili, nikaaga mara mbili, nikaenda zangu. Gauni, nimesikia, linapendeza.